Kutoa toleo la 2.0 bila kuwaharibia watu kazi

Ukitoka 1.6.2 kwenda 1.6.3, anayetumia maktaba yako (msimbo wa kompyuta ulio tayari, ambao wengine huuingiza kwenye programu zao) anasasisha huku anakunywa chai. Ukitoka 1.9 kwenda 2.0, mwenye busara anaacha kwanza, anauliza wenzake kuna nini. Ana haki. Utaratibu wa namba tatu aliouandika Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, unasema wazi: namba ya mwisho ni ya kurekebisha hitilafu, ya katikati ni ya nyongeza zisizomgusa mtu, na ya kwanza inapanda pale tu unapovunja kitu kilichokuwa kinafanya kazi.

Kwa hiyo toleo kubwa ni taarifa ya usumbufu, kama tangazo la kukatika umeme. Watu watavumilia giza la saa sita kama waliambiwa mapema, wakachaji simu na kuteka maji. Wanaopanga toleo kubwa kama harusi, na nembo mpya na hesabu ya siku zilizobaki, huwa wamemsahau mtu mmoja: yule ambaye mfumo wake utagoma asubuhi hiyo. Huyo ndiye wa kwanza kutangaziwa. Karibu kila ninachoeleza hapa chini kinatokana na hilo.

Mimi natunza, pamoja na mwenzangu aliyeko Mombasa, maktaba ndogo ya chanzo huria, ya lugha ya programu ya Python, inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili. Ni kwa ajili ya stakabadhi, hundi na hati za malipo, pale panapoandikwa “kiasi kwa maneno”. Si maarufu. Lakini imo ndani ya mifumo ya SACCOS, ya maduka ya jumla na ya shule zinazotoa stakabadhi za ada, na mzazi anayepokea karatasi hana habari kama ipo. Maktaba za aina hii ndizo nyingi kuliko zile kubwa zinazosikika, na ndizo ninazoziwazia ninapoandika.

Anza na orodha ya vitakavyovunjika

Usianze na tarehe. Fungua faili tupu, uandike kila kitu ambacho msimbo wa mtu ulioandikwa kwa 1.x (matoleo yote yanayoanza na 1) hautakipata tena katika 2.0. Mazuri mapya yaweke pembeni, yana siku yake. Ukimaliza, gawa orodha mafungu mawili: vinavyovunjika kwa kelele na vinavyovunjika kimya.

Kelele haina shida sana. Ukiondoa funksheni, mtu anapata `ImportError`, anakutukana kidogo, anasoma mwongozo, anarekebisha. Kimya ndicho kinachoua. Python yenyewe ilipotoka 2 kwenda 3 ilikuwa na mfano huo: `3/2` katika Python 2 ilitoa 1, katika Python 3 inatoa 1.5. Msimbo ule ule, hakuna kosa linaloonekana, jibu tofauti. Waliliona mapema, tangu Python 2.2 ya mwaka 2001 uliweza kuandika `from __future__ import division` ukapata mgawanyo mpya ungali kwenye toleo la zamani. Hata hivyo kuna watu waliogundua kwenye hesabu za mwisho wa mwezi.

Kwetu sisi tatizo lilikuwa hili. Tarakimu 12,000 na tarakimu 10,002 zote mbili, katika mfululizo wa 1.x, zinatoka “elfu kumi na mbili”. Kwenye mazungumzo ya sokoni hakuna anayechanganyikiwa, bei inajulikana. Kwenye hundi ni balaa. Tukaamua 2.0 iandike “kumi na mbili elfu” kwa 12,000, na iache “elfu kumi na mbili” kwa 10,002 peke yake. Sasa fikiria mfumo uliounganishwa na mashine ya kuchapa, wenye kiolezo kinachotarajia sentensi ianze na “elfu”. Au jaribio linalolinganisha maneno herufi kwa herufi. Au, kibaya zaidi, mfumo mwingine unaosoma yale maneno na kuyarudisha kuwa tarakimu.

Mwenzangu alitaka tubadilishe ndani ya funksheni ile ile, `maneno()`, kisha tueleze kwenye kumbukumbu ya mabadiliko. “Dada, tukiandika wazi, watasoma.” Nikamjibu, “Kaka, aliyeiweka mle ndani alishaacha kazi pale. Aliyebaki ni mhasibu.” Tukakubaliana hivi: maana ikibadilika, jina libadilike. `maneno()` inaondoka kabisa katika 2.0, na mahali pake panakuja `kwa_maneno()`. Asiyesoma chochote atapata kosa kwenye skrini, na hundi haitatoka. Ningependa mtu anipigie simu kwa hasira kuliko hundi ipite na maneno yasiyolingana na tarakimu.

Fanya hivyo kwa kila kilichomo kwenye fungu la kimya. Kibadilishe jina, au kifanye kikatae kwa kelele. Mfano mwingine wa kwetu: 1.x inapokea `12500.0` bila kulalamika. 2.0 inapokea namba kamili au `Decimal` tu. Ukiipa `float` (namba yenye nukta kama hiyo) inarusha kosa la `TypeError`, kwa sababu kompyuta inayosema 0.1 na 0.2 ni 0.30000000000000004 haifai kuandika senti za mtu.

Kisha punguza orodha. Kila kinachovunjwa kiwe na sababu ambayo unaweza kumweleza anayeumia nayo bila kuangalia chini. “Jina hili ni zuri zaidi” haitoshi. Timu ya Angular, kiunzi cha kujengea programu za wavuti, ilipotoka AngularJS kwenda Angular 2, Septemba 2016, ilikuwa ni kuandika upya kutoka msingi, na makampuni mengi yalibaki yakiendesha mifumo miwili sambamba kwa muda mrefu. Timu ya React, maktaba ya kazi kama hiyo, Oktoba 2020 ilitoa toleo la 17 ikasema waziwazi kwamba halina kipya kwa msanidi; kazi yake ilikuwa kurahisisha kuhama kidogo kidogo, sehemu moja ya programu ikiwa kwenye toleo jipya na nyingine la zamani. Hakuna aliyepiga vigelegele kwa 17, na sioni kama hiyo ni aibu.

Toleo la daraja

Usiruke kutoka 1.8 kwenda 2.0. Weka katikati toleo ambalo lina vyote viwili: njia ya zamani inafanya kazi na inaonya, njia mpya ipo tayari. Mtu ahame akiwa bado kwenye 1.x, taratibu, faili moja leo, nyingine wiki ijayo. Siku ya 2.0 kwake iwe kubadilisha namba tu.

Watu wa SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuongea na hifadhidata, ndio ninaowaiga hapa. Toleo la 1.4 lilitoka Machi 2021 likiwa tayari na mtindo wa 2.0 ndani yake, na ukiweka `SQLALCHEMY_WARN_20=1` kwenye mazingira, lilikuonyesha kila mstari utakaogoma. 2.0 yenyewe ikaja Januari 2023. Karibu miaka miwili ya daraja. Maktaba ndogo haihitaji miaka miwili, ila inahitaji miezi. Watu wa Django, kiunzi cha Python cha tovuti, nao wana jambo zuri: onyo lao hubeba jina la toleo ambalo kitu kitaondolewa, mfano `RemovedInDjango60Warning`. Ukijiuliza “lini?”, huhitaji kutafuta popote, jibu limo ndani ya jina.

Onyo letu katika 1.9 linasomeka hivi:

```python
warnings.warn(
    "maneno() itaondolewa katika 2.0. Tumia kwa_maneno(). "
    "Angalizo: 12000 itaandikwa 'kumi na mbili elfu'.",
    FutureWarning,
    stacklevel=2,
)
```

Mambo mawili hapo yanastahili kusimama kidogo. Hiyo `stacklevel=2` inafanya onyo lielekeze kwenye mstari wa mtumiaji, ule ulioita `maneno()`. Ukiisahau, onyo linaelekeza ndani ya maktaba yako, na mtu anadhani tatizo ni lako la kurekebisha. La pili ni `FutureWarning`, aina ya onyo inayoonekana bila kuwashwa. Kawaida ungetumia `DeprecationWarning`, lakini Python huificha, isipokuwa inapotokea kwenye msimbo wa `__main__` au unapoendesha majaribio kwa chombo kama pytest. Maktaba inayotumiwa na timu zenye majaribio itatosheka na hiyo. Watumiaji wetu wengi ni mtu mmoja na kompyuta moja, majaribio ni kubofya kitufe na kuona. Kwao, onyo lililofichwa ni sawa na hakuna onyo.

Ongeza chombo cha kuwasaidia kuhama, hata kiwe kidogo. NumPy, maktaba ya hesabu, walipotoa 2.0 waliwaelekeza watu kwenye kanuni ya NPY201 ndani ya chombo cha kukagua msimbo kiitwacho Ruff, inayobadilisha majina ya zamani yenyewe. Pydantic, maktaba nyingine, walikuwa na bump-pydantic kwa kazi kama hiyo. Sisi tunatoa mstari mmoja tu, unaotafuta `maneno` kwenye faili zote za Python:

```
grep -rnw maneno --include='*.py' .
```

Ile `-w` inazuia `kwa_maneno` isihesabiwe. Mtu anauendesha, anaona ana sehemu tatu za kugusa, hofu inaisha.

Tarehe

Hapa ushauri wa Ulaya na Marekani hautoshi. Watakuambia usitoe Ijumaa, na ni kweli. Lakini maktaba ya stakabadhi haitoki tarehe 28 ya mwezi wowote, mishahara na madeni vikiwa mezani. Haitoki Juni, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya, unaisha tarehe 30 Juni na kila ofisi inafunga vitabu. Haitoki wiki ya mwisho ya Ramadhani, kwani huwezi kujua Idi itakuwa lini hadi mwezi uonekane, na mtu wako wa Zanzibar atakuwa safarini. Januari shule zinafunguliwa, ada zinalipwa. Ukitoa hizo zote, unabaki na wiki chache nzuri. Chagua Jumanne katika wiki ya pili ya mwezi. Kila maktaba ina kalenda yake. Ya kwako itafute kwa wanaoitumia.

Andika saa pamoja na UTC, saa ya kimataifa. Saa nne asubuhi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni 07:00 UTC. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi bado ni saa tatu. Muhimu zaidi, chagua saa ambayo wewe mwenyewe utakuwa macho kwa saa nane zinazofuata.

Majaribio, na ukweli kwamba hakuna anayejaribu

Tangaza `2.0.0rc1`, yaani toleo la majaribio, wiki kadhaa kabla. Pip, chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python, haitaichukua mpaka mtu aandike `--pre` au alitaje toleo lenyewe, kwa hiyo hakuna atakayeipata kwa bahati mbaya. Kwa wale wa JavaScript, npm (chombo chao cha vifurushi) haikuwa na huruma hiyo kabla ya npm 11: usipoandika `npm publish --tag next`, toleo lako la majaribio lilikuwa ndilo `latest`, lile linalosakinishwa bila kuuliza. Vue, kiunzi cha JavaScript, walitumia nafasi hiyo vizuri. Vue 3 ilitoka Septemba 2020, lakini haikufanywa kuwa chaguo-msingi hadi Februari 2022, vifaa vinavyoizunguka vilipokuwa vimeshafika.

Tatizo ni kwamba ukitangaza toleo la majaribio kwa umma, watu wataweka alama ya dole gumba na kuendelea na maisha yao. Wafuate. GitHub ina ukurasa unaoonyesha ripo (hifadhi za msimbo) zinazotegemea ya kwako. Chagua tatu au nne zinazoitumia kwa njia tofauti, ziendeshe mwenyewe na `rc1`, uone kinachogoma. Kisha waandikie wenyewe, kila mmoja peke yake, ukiwaambia faili gani na mstari gani. Kama unaweza, tuma marekebisho kabisa. Hata wakikataa kuhama sasa, omba kitu kimoja: kwenye `requirements.txt`, faili la kuorodhesha maktaba zinazohitajika, ile `>=1.4` iwe `>=1.4,<2`.

Mpaka huo wa juu si mapambo. Werkzeug 3.0, maktaba ambayo kiunzi cha wavuti cha Flask kinaitegemea, ilipotoka mwishoni mwa Septemba 2023, programu nyingi za Flask ya zamani ambazo hazikuweka mpaka ziligoma kuwaka, zikilalamika kwamba `url_quote` haipo. Hakuna aliyekuwa amegusa msimbo wake. Seva mpya ilijengwa, pip ikachukua kipya kilichokuwepo.

Wakubwa hufanya jambo hili hili kwa kipimo kikubwa. NumPy 2.0 ilitoka tarehe 16 Juni 2024, toleo kubwa la kwanza tangu 1.0 ya mwaka 2006. Matoleo ya majaribio yalikuwa nje tangu Machi, ili maktaba zinazojengwa juu yake ziandae vifurushi vinavyokubali pande zote mbili kabla ya siku yenyewe. Kazi ile ya miezi mitatu ndiyo promosheni ambayo ingefaa kuitwa promosheni.

Tangazo

Andika mwongozo wa kuhama kwanza, tangazo baadaye. Tangazo lisilo na mwongozo linamwachia mtu wasiwasi tu.

Mwongozo uwe na jozi: msimbo wa zamani, chini yake msimbo mpya, na sentensi moja ya sababu. Watu watausoma kwenye simu, wengine kwa bando la siku linalokaribia kwisha. Msimbo uwe maandishi ya kunakili, kamwe usiwe picha. Andika Kiswahili na Kiingereza. Kwetu Kiswahili kinatangulia, na mara nyingi ndicho kinacholeta maswali ya maana, kwa sababu mtu anauliza bila kujikaza.

Ujumbe wa makundi ya WhatsApp na Telegram uingie kwenye skrini moja. Huu ndio wa kwetu, bila jina na viungo:

> Jumanne saa nne asubuhi (07:00 UTC) tunatoa 2.0. Kama mfumo wako unachapisha kiasi kwa maneno, hili linakuhusu. maneno() inaondoka, inakuja kwa_maneno(). 12,000 itaandikwa “kumi na mbili elfu”. Float haipokelewi tena. Huna nafasi kwa sasa? Weka <2 kwenye requirements.txt, hutaguswa. 1.9 itaendelea kurekebishwa kwa mwaka mzima. Ukikwama, uliza hapa hapa.

Tazama mpangilio: nani anahusika, nini kinabadilika, afanye nini asiyekuwa tayari, mlango uko wapi. Mazuri ya 2.0 hayamo. Yana ujumbe wake siku chache baadaye, wenye hofu wakishatulia. Ukichanganya vyote, mtu anasoma mstari wa kwanza wenye kujisifu na kupita.

Makongamano yana nafasi yake, ila ratiba yake ni ndefu. Mada hukusanywa miezi kabla. DjangoCon Africa ilipokuja Zanzibar Novemba 2023, nafasi ya kuzungumza na watu wa ukanda huu ilikuwa mlangoni. Ukiomba nafasi kama hiyo, usiombe kuzungumzia toleo lako. Omba kuzungumzia tatizo: kwa nini kuandika fedha kwa maneno ni kugumu, kwa mfano. Maktaba itajitaja yenyewe ndani ya dakika kumi. Na usiombe nyota za GitHub hadharani. Inafanya kazi ya watu wazima ionekane kama kura za urembo.

Siku yenyewe

Iwe siku ya kuchosha. Tagi, jenga, pandisha PyPI (ghala la vifurushi vya Python), basi. Kumbuka kwamba PyPI haikubali jina lile lile la faili mara ya pili hata ukifuta la kwanza; ukikosea 2.0.0, njia ni 2.0.1. Toleo bovu unaweza kulitia alama ya yank, na pip italiruka, isipokuwa kwa aliyeliomba kwa `==`.

Kabla ya kutuma ujumbe wowote, tengeneza mazingira matupu kwenye kompyuta nyingine, sakinisha kutoka PyPI kama mgeni, na uendeshe mfano wa kwanza wa kwenye nyaraka kwa kunakili na kubandika. Ukifanya kazi, tuma. Kisha kaa. Usipange mkutano siku hiyo. Maswali ya saa za mwanzo yajibu hata yale yaliyojibiwa kwenye mwongozo, bila kumwambia mtu “soma nyaraka”. Swali likirudi mara ya pili, rekebisha mwongozo pale pale. Tarajia 2.0.1 ndani ya wiki, na usiione kama aibu.

Mwaka wa 1.x

Ukisema utaendelea kurekebisha 1.9, sema hadi tarehe gani na urekebishe nini. Sisi ni usalama na majibu yasiyo sahihi, basi. Nyongeza zote zinaenda 2.x. Tarehe iwe moja. Python 2 ilipangiwa kuishia 2015, ikasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020, na wengi waliosikia tarehe ya kwanza walijifunza kwamba ya pili nayo huenda ikasogea. Nyaraka za 1.x zibaki mtandaoni kwenye anwani yake, na bango juu linaloelekeza kwenye 2.x.

Kujua kama watu wamehama, takwimu za upakuaji za PyPI ziko wazi kwenye BigQuery, hifadhi ya data ya Google, na unaweza kuzigawa kwa toleo. Zisome kwa tahadhari: seva moja inayojenga upya kila msimbo unapobadilishwa inaweza kuonekana kama kijiji kizima. Ninachoangalia ni umbo. Kama 1.9 inapungua polepole, sawa. Kama 1.8 au 1.7 imekaa pale pale, bila kupanda wala kushuka, mara nyingi kuna mfumo mmoja au miwili iliyofungwa kwa `==`, na hao hawakuliona onyo kwa sababu toleo lao halikuwa nalo. Rudi kwenye ukurasa wa ripo zinazokutegemea, tafuta `==1.7` kwenye `requirements.txt`, uwaandikie. Waanze na 1.9, wasubiri onyo litokee, ndipo wafikirie 2.0.